Kigoda cha Ngatirah

Saa ya chakula Murtinah alikula peke yake. Hakufukuzwa na mtu, la. Ni heshima tu. Na heshima, nikwambie, ikizidi kipimo inakuwa adhabu. Inakuketisha chumba cha nyuma na sahani yako ya wali, unatafuna tempe, ile mikate ya soya, ya kukaanga, huku upande wa pili wa ukuta wenzio wanacheka mpaka wanapaliwa, nawe hujui wanacheka nini.

Siku za mwanzo alijaribu kuchukua sahani yake akaketi nao. Kila alipotokea mlangoni kicheko kilikatika. "Karibu, Bu," walisema, yaani Mama mheshimiwa, wakamsogezea kigoda, wakakaa wima kama watu waliokuja kuhani. Sutarmi, ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo tangu azaliwe, aliinamia sahani akachambua wali punje kwa punje. Baada ya muda Murtinah akaona heri abaki huko nyuma, wenzake wapate kula kwa raha.

Na hakuwa mgeni wa jiko lile, msidhani. Sisi watu wa Solo, huku Java, tunaochora batiki kwa mkono tunakaa kulizunguka jiko dogo lenye karai la nta ya moto, wanawake wanne watano kwenye vigoda vifupi, kila mmoja na kitambaa chake kimetundikwa mbele. Mkononi una canting, ile kalamu ya kikombe cha shaba chenye mdomo mwembamba. Unachota nta, unapuliza mdomo wa kalamu usizibe, unachora, unachota tena. Mikono inafanya kazi yake, midomo inafanya ya kwake. Kwenye jiko lile Murtinah aliketi tangu hajaolewa, akaolewa akiwa hapo, akafiwa na mume akiwa hapo, mtoto hakujaliwa. Na kushotoni kwake, miaka yote hiyo, aliketi Ngatirah.

Mur na Tirah, ndivyo walivyoitana. Walikuwa chanda na pete. Ukipinda mstari ulisikia papo hapo: "We Mur, huyo ndege au ngamia?" Jiko zima linaangua kicheko, unakwangua nta, unachora upya, unangoja mwenzio naye akosee umlipe. Hakuna aliyekwenda kulala na kinyongo.

Kisha msimamizi wao wa zamani, Bu Sastro, akazeeka akaacha kazi, na mwenye karakana, Bu Harjanti, akamteua Murtinah awe mkaguzi wa vitambaa. Alipewa meza, kiti chenye mgongo na chumba cha nyuma. Kuanzia siku ile Mur akafa, akazaliwa Bu Mur. Wenzake waliacha kumsemesha lugha ya nyumbani, ile ya kutaniana, wakaanza ile ya juu ya kusemeshea wakwe na wakubwa. Hata Ngatirah. Ngatirah, ambaye aliwahi kumshika Murtinah kichwa usiku kucha alipofiwa, sasa alipompa kitambaa alikiinua kwa mikono miwili na kuinama.

Ungedhani basi Murtinah alikuwa mkali. Laiti angekuwa mkali! Hakuwahi kumkemea mtu. Alipoona mstari umepinda au nukta hazilingani alinyamaza kimya, akangoja alasiri wenzake waende makwao, akaketi na kitambaa peke yake. Alikwangua pale palipopinda, akachora upya, akasawazisha. Asubuhi mwenye kitambaa anakikuta kimenyooka. "Nimemsitiri," alijiambia akifunga mlango, na mgongo ukimuuma alijisikia mtu mwema.

Lakini wanawake wakaanza kuondoka. Wa kwanza alikuwa Wagini, akasema mama yake mgonjwa kijijini. Mwingine akafuata, mume anamtaka dukani. Kwetu mtu haondoki kwa kubamiza mlango. Anaondoka kinyumenyume akitabasamu, na keki za wali amekuletea. Murtinah alizila zile keki, akamwombea mama wa Wagini apone.

Asubuhi moja, akienda sokoni, alikatiza uchochoro wa karakana nyingine, akasikia kicheko anachokijua. Akachungulia. Wagini huyo, mzima wa afya, kaketi kwenye jiko la watu na canting mkononi! Macho yao yakakutana. Wagini akajificha nyuma ya kitambaa chake kama mtoto, miguu ikionekana chini. Murtinah akaendelea na safari yake ya sokoni, akanunua mchicha ambao hakuuhitaji.

Ukimwuliza siku zile rafiki yake ni nani, kama angekuwa mkweli angekujibu: paka. Karakana ilikuwa na paka wa rangi tatu, Telon, mnene, mvivu, aliyelala kwenye kapu la matambara kando ya jiko. Murtinah alimwonea huruma mno, kwa sababu wale wanawake walikuwa wakimsimanga yule mnyama hujapata kuona. Alikuwa kwenye meza yake akisikia: "We paka, huna haya!" "We paka, unajifanya msafi!" Mwaka mzima hivyo. Naye alisikitika moyoni kwamba watu wapole namna ile wanamtesa kiumbe asiye na kosa. Basi kila mchana alimwita Telon chumba cha nyuma, akampa nusu ya samaki wake.

Siku moja Bu Harjanti akamwita barazani kwake, akamkaribisha chai. Hakuzunguka.

"Bu Mur, nisikufiche. Ngatirah alikuja jana. Anaacha kazi baada ya Idi. Anakwenda Semarang kwa binti yake kulea mjukuu."

Chai ikamwenda Murtinah kombo.

"Mimi karakana hii nilirithishwa na mama mkwe," Bu Harjanti akaendelea, "lakini jiko bila mkono wa Ngatirah ni moto na moshi tu. Akiondoka yeye, jiko nalizima, naweka mashine ya kuchapa. Kuna kitu hapo, Bu Mur. Watatu sasa! Mimi hawaniambii. Kawaulize."

Murtinah alirudi chumba cha nyuma. Jiko lizimwe ni msiba, ndiyo. Lakini kilichomuuma zaidi ni Ngatirah. Nyumbani kwake kulikuwa na redio na picha ya marehemu. Ngatirah akienda Semarang, ni nani tena duniani atakayekumbuka kwamba yeye aliwahi kuitwa Mur?

Akakusanya ujasiri. Kesho yake akakaanga ndizi sinia zima, akachemsha chai ya yasmini, akawaita wote. Akasimama mbele yao.

"Wenzangu, nataka mniambie makosa yangu. Semeni tu. Sitakasirika."

Lo! Wakatazamana. Mmoja akakohoa. Sutarmi akainua kidole kama yuko shule.

"Bu hana kosa. Makosa ni yetu."

"Ndiyo, Bu. Yetu."

"Tunaomba Bu atusamehe," akamalizia Ngatirah, macho chini.

Mwanamke wa watu kaenda kuuliza makosa yake, karudi kaombwa radhi na jiko zima! Ndizi wakazisifu. Wakala moja moja, kwa adabu, zilizobaki akazila mwenyewe jioni.

Hakukata tamaa. Alimvizia Ngatirah kisimani akinawa mikono.

"Tirah. Ni mimi?"

"Aa, Bu. Ni mjukuu tu."

"Niambie kweli. Nimekukosea?"

"Nitathubutuje kusema hivyo, Bu?"

"Kwani jina langu umelisahau, Tirah?"

Ngatirah akakausha mikono kidole kimoja kimoja. "Maji ya leo baridi, Bu," akasema, akaondoka.

Murtinah akaenda kumshitakia Bu Harjanti kwamba ameuliza, hawasemi. Bu Harjanti akamtazama kwa jicho la pembeni.

"Uliwauliza umekaa au umesimama?"

"Nimesimama."

"Mmoja mmoja au mbele ya wote?"

"Mbele ya wote."

"Ukawapa na ndizi?"

"Na ndizi."

"Masikini Bu Mur! Umewaziba midomo kwa ndizi!" Bu Harjanti akacheka, kisha kicheko kikaisha ghafla. "Usinione nacheka. Mimi kila mwaka nawauliza, jamani mna tatizo lolote? Wananibusu mkono. Wewe unakula peke yako chumba cha nyuma, unadhani mimi huku barazani nakula na nani?"

"Sikiliza," akasema mwenye karakana. "Hakuna mtu atakayekutazama juu akakwambia ulivyo. Kaa chini. Shika kalamu uchore nao. Na usiulize 'mimi nikoje', hilo swali hata mume hajibu. Uliza kitu kimoja, kidogo, kinachoonekana kwa macho."

Basi asubuhi iliyofuata Murtinah akabeba kigoda chake cha zamani, akakipangusa vumbi, akakitia kuliani kwa Ngatirah, pale pale pake. Akatundika kitambaa cheupe. Wanawake wakamwona, wakasogea, nafasi ikawa kubwa kuliko alivyotaka.

Kurekebisha mstari wa mtu ni kazi moja, kuchora wako kutoka mwanzo ni kazi nyingine. Mkono ulikuwa umemsahau. Alianza bawa la ndege, akachota nta, akasahau kupangusa chini ya kikombe cha kalamu, na tone likadondoka pwaa! katikati ya bawa. Tone la kahawia, nene kama punje ya hindi.

Enzi zile jiko lingelipuka. Ngatirah angeshika mbavu, angesema ndege kajinyea, angelirudia hilo neno mpaka saa ya kutoka. Murtinah alisubiri. Alitega sikio kabisa, akitamani. Hakuna aliyecheka. Kalamu zikapulizwa, fuu, fuu, zikaendelea.

Akakumbuka alivyofundishwa: kitu kimoja, kidogo.

"Tirah, tazama. Bawa hili nimeliharibu, sivyo?"

Ngatirah akageuka, akatazama lile tone.

"Linapendeza, Bu. Limekuwa kama ua."

Machozi yalimlengalenga pale pale. Wewe mwenzangu, mtu akikuona umejimwagia uji kifuani akakwambia umependeza, huyo kashakuaga kitambo.

Nta ikachemka polepole. Kisha Ngatirah, bila kuinua macho kutoka kwenye kitambaa, akapandisha sauti. Lugha ya juu ikatupwa kule, ikaja ile ya nyumbani.

"We Telon! Mnyama huna haya wewe! Kila jua likishuka unapanda juu ya vitambaa vya watu. Nani kakuita? Mtu kachora kwa mkono wake, kaiacha kazi yake imetulia, anakuja asubuhi haijui! Kama hukuipenda si ungelia nyau tukusikie? Aa, wewe unakanyaga kimya kimya, unaramba, unajidai umesafisha. Umesafisha nini?"

"Mwache, Yu," Sutarmi akadakia, yaani dada. "Huyo paka masikio hana. Yeye samaki tu."

Murtinah akafungua mdomo kumtetea paka. Ndipo akamtazama huyo paka mwenyewe. Telon alikuwa chali kwenye kapu lake, tumbo juu, mguu mmoja unaning'inia, usingizi wa pono. Hakuwa amekanyaga kitambaa cha mtu. Paka yule tangu lini alipanda kokote? Zaidi ya kigoda kifupi hafiki!

Na hapo ndipo alipomkumbuka kuku.

Wakati wa Bu Sastro, hapo uani palikuwa na kuku mweupe. Mur na Tirah walikuwa wasichana, na Bu Sastro alikuwa na tabia ya kuwapa kazi ngumu wale asiowapenda. Ungemwambiaje msimamizi maneno hayo usoni? Ndipo Mur mwenyewe, naam, huyu huyu, alipobuni kumkemea kuku: "We kuku, unawadonoa vifaranga wengine tu, wengine unawakumbatia!" Na Bu Sastro, aliyekuwa akipita, alisafisha koo akaenda zake. Kesho yake kazi zikagawanywa sawa. Hakuna aliyetaja kitu. Ndivyo mambo yanavyosemwa kwetu, na mwenye kusemwa anajua kusikia. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua.

Kumbe mwaka mzima walikuwa wakimwambia! Kila siku, kwa sauti, mlango wazi. Naye, mwenye kubuni fumbo lile, alikuwa ameketi kwenye kiti chenye mgongo akimlisha paka samaki.

Uso ulimwaka. Aliinuka bila neno, akaenda kisimani, akajimwagia maji usoni. Usidhani alishukuru. Alikasirika, tena sana! Mimi nimewasitiri, alisema na ndoo. Macho yangu yameisha kwa ajili yao! Mgongo wangu! Kuna mmoja aliyeaibishwa mbele ya Bu Harjanti? Hata mmoja? Alikuwa na hoja za kutosha siku nzima, zote za haki. Angerudi pale azimwage, akasimama, akawaambia moja baada ya nyingine. Na wangejibuje? Alijua wangejibuje. Ndiyo, Bu. Kweli kabisa, Bu.

Maneno hayo yalimzima moto. Akaogopa hiyo "ndiyo, Bu" kuliko tusi lolote. Akafuta uso kwa ncha ya kebaya, blauzi yake, akarudi jikoni, akaketi. Akamnyanyua Telon kutoka kapuni akampakata. Paka akafumbua jicho moja.

"Telon, mwanangu," akasema, kwa lugha ya nyumbani, "umesikia ulivyokemewa?"

Kalamu zote zikasimama.

"Usijitetee. Najua una ya kusema, yameze. Waulize tu wenyewe: kitambaa gani kiliwauma zaidi?"

Sutarmi aliuma mdomo mpaka ukawa mweupe. Ngatirah akachota nta, akapuliza, akaghairi, akairudisha karaini.

"Paka anauliza?" akasema mwishowe, akimtazama mnyama, si mtu. "Siku hizi paka anajua kuuliza?"

"Anajifunza," Murtinah akajibu. "Mzee huyu, akili yake nzito. Mvumilieni."

"Basi mwambieni paka," Ngatirah akasema, "kitambaa cha mabawa, kile cha mwaka jana. Mimi nukta zangu naziweka tatu tatu, ya kati kubwa kidogo. Mama yangu alichora hivyo. Bibi yangu alichora hivyo. Mtu akikiona sokoni anasema, aa, huu mkono wa akina Ngatirah. Nikakiacha jioni. Asubuhi nakuja, nukta zote sawasawa! Zote! Zile ndogo zimenenepeshwa zikawa kama ya kati. Nikaketi hapa nazitazama. Nikajiona kama nimekufa na sijaambiwa."

Murtinah alikikumbuka kitambaa kile. Alikaa nacho mpaka adhana ya magharibi, akimhurumia Tirah kwamba mkono umeanza kutetemeka. Maneno yalimjaa kinywani, nilidhani, sikujua, nilitaka. Akayauma yote. Akamkuna paka shingoni.

"Na kingine?"

Si Sutarmi akapasuka! "Mwulizeni mbona hasemi! Mimi mwaka mzima sijui nakosea wapi. Nachora, kesho nakuta kimenyooka chenyewe, nachora tena vile vile. Nitajifunza lini mimi, nikiwa kaburini? Na aache kusimama mlangoni kimya kama mzimu, tunapaliwa na chakula!"

Mmoja akaguna, mwingine akashindwa kujizuia, na kicheko kidogo kikapita jikoni, cha aibu aibu. Murtinah naye alicheka huku machozi yakimdondokea Telon masikioni, paka akayapangusa kwa mkono wake. Iliuma, nisikudanganye. Kila neno liliingia likakaa. Lakini walikuwa wanamsema yeye, mbele yake, kwa lugha ya nyumbani, na hilo lilikuwa halijatokea tangu apewe meza.

"Paka amesikia," akasema. Kisha akamweka paka chini, akageuka kushoto. Safari hii hakupitisha neno kwa mtu wala mnyama. "Tirah. Usiende."

Ngatirah akakwangua tone la nta kwenye ukucha wake kwa muda mrefu.

"Ungeniuliza mwaka jana, Mur," akasema polepole. "Binti yangu kashanitandikia kitanda. Neno nimeshalitoa."

Mur. Alimwita Mur, na hapo hapo akamnyima. Murtinah hakujua alie kwa lipi.

Mwezi wa mfungo ukaingia. Walichora kwa midomo mikavu, maneno machache. Alasiri Murtinah alipobaki peke yake, vitambaa vilimwita. Nukta za Ngatirah zilikuwa zimerudi, tatu tatu, ya kati kubwa. Alizitazama tu, akaweka mikono mapajani.

Idi ikafika. Kwetu siku hiyo tunazunguka nyumba kwa nyumba tukiombana radhi, makosa yote, ya dhahiri na ya moyoni. Hutaji hata moja. Ndiyo raha yake: unasamehewa jumla. Mwaka uliopita Ngatirah alikuja kwa Murtinah hivyo hivyo, akainama, wakasameheana kila kitu, wakala wali wa kufungwa kwenye makuti na kuku wa nazi. Zile nukta zilikuwa zimekaa katikati yao muda wote, na hakuna aliyezigusa.

Safari hii Murtinah ndiye aliyetangulia. Alikuta mizigo ya Ngatirah imeshafungwa mlangoni. Akapiga magoti mbele yake.

"Nisamehe kwa nukta za mama yako."

"He! Inuka! Nani anataja kosa siku ya Idi? Umerukwa na akili?"

"Zile ndogo. Nilizinenepesha. Ningekwambia tu, Tirah, mbona hazilingani, nawe ungenitukana, tungemaliza. Nilikuogopa."

"Uliniogopa mimi? Mimi ndiye niliyekuogopa wewe, mpumbavu!" Ngatirah akaketi juu ya mzigo wake akalia kwa sauti. "Nisamehe na mimi kwa yule paka. Kuku alikuwa wa Bu Sastro. Wewe hukustahili paka. Wewe ungestahili usoni."

Wakakaa pale wakishikana mikono, vikongwe wawili. Kisha mkwe wake akaja kupakia mizigo, na gari la Semarang halimngoji mtu.

Baadaye Bu Harjanti alimwambia Murtinah kwamba Ngatirah alimpitia kuaga. Alisema neno moja tu: "Jiko usilizime. Mur ameota masikio." Basi mashine haikununuliwa, angalau mwaka ule, na Wagini akasikika akiulizia kama nafasi yake bado ipo. Mama yake, alisema, amepona.

Murtinah akahamia jikoni moja kwa moja. Meza akaiwekea vitambaa. Alasiri moja, akikunjua kazi ya Sutarmi, aliona shingo ya ndege imekwenda upande. Kidole kikamwasha. Nta ilikuwa bado vuguvugu, dakika chache tu na hakuna ambaye angejua. Akakikunja kitambaa kama kilivyokuwa, akafunga mlango, akaenda nyumbani kwenye redio na ile picha, akalala na neno lile moyoni.

Asubuhi moyo ulimwenda mbio kama mwali. Alisubiri Sutarmi achote nta.

"Tarmi. Shingo ya ndege wako imepinda."

Kalamu zikasimama hewani. Sutarmi akageuka taratibu, akatazama shingo, akamtazama Murtinah.

"Imepinda shingo, Yu Mur," akasema, "au yamepinda macho yako?"

Yu! Dada! Jiko zima likalipuka. Mmoja alicheka mpaka akamwaga nta. Murtinah alicheka mpaka mbavu zikamuuma, akageuka kushoto, kama alivyogeuka miaka yote, amwone Tirah anavyocheka.

Telon alikuwa amelala juu ya kigoda cha Ngatirah. Murtinah akamtazama, akangoja kidogo, labda mtu angemkemea. Hakuna aliyemkemea.